Utangulizi: Miguu Mitatu, Nukta Mbili

Kila mwaka swali hili hunifikia mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Mwanafunzi amenunua kamera, amenunua lenzi, amenunua na mkoba wa kubebea, ndipo anakuja na chenji iliyobaki kuniuliza: "Mwalimu, na stendi nichukue ipi?" Nimelijibu barazani mara nyingi, nusu saa kwa huyu, dakika kumi kwa yule, na kila mara nimeondoka nikikumbuka njiani jambo nililosahau kumwambia. Kitabu hiki kimetokana na majibu hayo na yale niliyoyakumbuka njiani. Nimekiandika kwa ajili ya mtu mwenye fedha kidogo, na simwambii akazitafute kwanza ndipo arudi.

Wapigapicha wa mitaani husema stendi, wenye maduka huandika tripodi. Nimetumia yote mawili.

Mimi mwenyewe sikufika hapa kwa kupenda kamera. Nilifikishwa na karatasi. Kazi yangu ni hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, mikataba, vitabu vya dua, ambavyo familia nyingi za pwani zimevitunza masandukuni vizazi kwa vizazi. Wengi wa wenye hati hawataki zitoke nyumbani, na wana haki. Basi sisi ndio tunaokwenda. Tunakaribishwa, tunakaa, tunakunywa kahawa, kisha tunapiga picha kwa mwanga wa dirishani. Flashi hatuwashi, kwa kuwa wenyewe hawaipendi na tena huacha mng'ao mweupe juu ya wino. Karatasi za zamani zimejikunja, hivyo tundu la lenzi tunalibana ili ukurasa wote uonekane sawasawa, na mwanga ukipungua kiasi hicho, shata hukaa wazi nusu sekunde nzima.

Alasiri moja huko Lamu nilipiga hivyo utenzi mzima. Nilikuwa na stendi nyepesi niliyoinunua kwa sababu mbili tu: bei yake, na kwamba ilienea mkobani. Kamera ilitazama chini, mimi nikafunua ukurasa baada ya ukurasa, mwenye nyumba akanisimulia habari za babu yake aliyeunakili. Nilirudi nimefurahi. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta nikaona kwamba kuanzia katikati ya kazi kichwa cha stendi kilikuwa kikiinama polepole, na kila nilipobonyeza kitufe kamera yote ilitikisika. Kurasa kumi na tisa zilikuwa na ukungu. Anayezijua herufi hizo atauelewa msiba wangu. Fa ina nukta moja juu, qaf ina mbili, na katikati ya neno umbo lao ni lilelile. Ba ina nukta moja chini, ta mbili juu, tha tatu. Katika picha zangu nukta mbili zilikuwa zimeungana zikawa doa moja refu, na palipokuwa na maneno mawili yanayowezekana sikuweza kuapa mshairi alisema lipi. Niliporudi baadaye mwenye nyumba alikuwa ametangulia mbele ya haki, na hati zilikuwa zimegawanywa kwa warithi waliotawanyika.

Tangu siku hiyo nimejifunza stendi kama nilivyojifunza hati.

Jambo la kwanza ni kujua mkono unaweza nini. Wapigapicha wa enzi ya filamu walituachia kanuni nzuri: ukishika kamera mkononi, muda wa shata usizidi sehemu ya sekunde inayolingana na urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50, sehemu moja ya 50 ya sekunde. Lenzi ya milimita 200, sehemu moja ya 200. Kama sensa ya kamera yako ni ile ndogo ya APS-C, zidisha kwanza urefu wa lenzi kwa 1.5 au kiasi hicho. Nusu sekunde yangu ya Lamu, kwa lenzi ya milimita 50, ilipita kanuni hiyo mara ishirini na tano. Kamera nyingi za siku hizi zina vitulizi ndani yake, navyo ni msaada wa kweli kwa aliyeshika kamera. Lakini havimfikishi mtu anayepiga nyota kwa sekunde ishirini, wala anayetaka picha tano za chumba kimoja zilingane kabisa ili aziunganishe, wala anayepiga kurasa mia mbili kwa kimo kilekile.

Na mtikisiko unaoharibu picha ni mdogo kuliko tunavyodhani. Chukua sensa ya upana wa milimita 36 yenye pikseli 6,000 kwa upana huo. Kila pikseli ina milimita 0.006. Weka lenzi ya milimita 200, elekeza kwenye mlango ulio mita 33 kutoka ulipo. Kamera ikigeuka kiasi cha kuhamisha shabaha yake milimita moja tu pale mlangoni, picha imekwisha kuhama pikseli nzima. Stendi inayoonekana kwa macho kwamba imetulia yaweza kuwa inatetemeka mara kumi ya hapo.

Napenda wanafunzi waitazame picha moja ya mwaka 1838. Louis Daguerre aliipiga Paris, dirishani, akiiangalia barabara ya Boulevard du Temple. Barabara ilikuwa na shughuli nyingi lakini katika picha ni tupu, kwa kuwa bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kulipokea lile tukio, na kila kilichotembea kilifutika. Alibaki mtu mmoja aliyesimama, inaelekea akisafishiwa viatu, na ndiye anayetajwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha. Wanafunzi humtazama yeye. Mimi huwaambia wayatazame mapaa na madirisha, yalivyo makali baada ya dakika zote hizo. Kile kilichoishikilia kamera siku ile hakikucheza. Upigapicha ulianza na kiegemeo. Mkono ulikuja baadaye sana.

Kwa nini miguu mitatu? Aliyewahi kuinjika chungu juu ya mafiga ana jibu tayari. Mawe ni matatu, na hata ardhi ikiwa na mabonde chungu hakiyumbi, kwa sababu ncha tatu, ziwe zimekaa vipi, daima hulala kwenye uso mmoja ulionyooka. Ncha ya nne ndiyo inayoleta ugomvi. Meza ya mgahawa yenye miguu minne hutiwa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja; stendi ya kamera haitiwi.

Hata hivyo, mafiga ni mawe, na miguu ya stendi ni mabomba. Hapa ndipo ilipo elimu yenyewe, na hapa ndipo fedha kidogo inapotumika vizuri au kupotea. Miguu mitatu inazuia kuyumba. Haizuii kupinda wala kujisokota. Sifa inayozuia hayo naiita ukakamavu, na ndiyo sifa moja ya stendi ninayokuomba uinunue kabla ya nyingine yoyote. Ukakamavu wa bomba lenye ukuta mwembamba hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Linganisha bomba la milimita 25 na la milimita 20, ukuta ukiwa na unene uleule na chuma kikiwa kilekile: la kwanza linakaribia kuwa kakamavu maradufu. Tofauti ni milimita tano, ambayo jicho haliioni dukani kwa haraka. Ndiyo maana naenda na futi ya fundi cherehani mfukoni na kuizungusha kwenye mguu bila haya.

Sasa kumbuka kwamba vipande vya mguu huingiana, kila kimoja chembamba kuliko kilichotangulia. Stendi yenye vipande vinne au vitano kwa mguu hukunjika ikawa fupi na kupendeza sana mikononi, lakini ukiifungua yote, kipande cha chini kabisa ni chembamba kama kalamu, nacho ndicho kinachobeba kila kitu. Kwa bei ileile, stendi ya vipande vitatu karibu kila mara hutulia zaidi. Itakuwa ndefu hata ikikunjwa, itatokeza nje ya mkoba na utaifunga kwa kamba pembeni. Mimi nimeifunga hivyo kwenye pikipiki na kwenye jahazi, na sijawahi kujuta.

Habari ya nyuzi za kaboni huulizwa mapema sana. Kampuni ya Gitzo ya Ufaransa ilileta sokoni tripodi za nyuzi hizo mwaka 1994, na zilistahili sifa zilizopata: ni nyepesi, kakamavu, na hufifisha mtetemo upesi. Lakini ukizitaka kwa bei ndogo utauziwa mabomba membamba, na wembamba hula faida yote ya kaboni. Kwa mwenye fedha kidogo, nasema achukue aluminiamu nene na kuubeba uzito wake. Stendi ya kimo cha mtu mzima yenye uzito usiofika kilo moja siipokei hata nikipewa zawadi. Kilo moja na nusu hadi mbili, kichwa kikiwemo, ndipo ninapoanza kuwa na imani.

Kimo nacho hununuliwa vibaya. Mwenye sentimita 170 macho yake yako kama sentimita 158 kutoka chini. Toa sentimita kumi za kichwa cha stendi, toa tisa au kumi kutoka kitako cha kamera hadi pale jicho linapochungulia, na utaona kwamba miguu yenye sentimita 138 hivi inamtosha bila kuinua nguzo ya kati. Sisitizo langu liko kwenye maneno hayo ya mwisho. Tangazo likisema stendi inafika sentimita 160, uliza inafika ngapi nguzo ikiwa chini. Nguzo iliyoinuliwa ni mguu mmoja uliosimamishwa juu ya mitatu, na kazi yote ya mitatu inapotea pale juu. Anayepiga karatasi au chakula mezani anahitaji kimo kidogo kuliko hicho. Asilipie sentimita asizozihitaji.

Kuhusu uzito ambao stendi "inabeba", ulioandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa: usiununue. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wamekubaliana kukitumia. Kila mmoja huandika namba yake kwa njia yake, na namba hiyo husema lini stendi itashindwa kubeba, haisemi itatulia kiasi gani. Kamera yako na lenzi yake pengine hazifiki kilo moja na nusu. Hakuna stendi ya dukani itakayovunjika kwa hizo.

Kichwa ni jambo la kufikiriwa peke yake, na kwa kweli ningependa kiwe kitu cha peke yake. Stendi nzuri huunganishwa na kichwa kwa skrubu ya inchi 3/8, na kamera hukaa juu ya skrubu ya robo inchi. Vipimo hivyo viwili ni vya kimataifa, vimewekwa katika kanuni ya ISO 1222, na hata vishikio vingi vya simu vina tundu hilo la robo inchi. Maana yake kwa mfuko wako ni hii: kichwa kikifunguka, waweza kununua miguu mizuri leo na kichwa chema baada ya mavuno. Stendi za bei ya chini kabisa zina kichwa kilichoshonwa na miguu, kikifa kimekufa nayo. Tazama pia ile pleti inayobaki chini ya kamera. Ikiwa ni ya umbo la Arca-Swiss, upana wake ni kama milimita 38, na ikipotea utapata nyingine kwa watengenezaji wengi. Ikiwa ni ya umbo la kampuni moja tu, nunua ya akiba siku hiyohiyo, kwa sababu nimeona stendi nzima ikigeuka kianikio cha nguo kwa kukosa kipande kimoja cha plastiki.

Vichwa vya gololi ni vya haraka na vinapendwa, ila vya bei ndogo vina ugonjwa ule ulionipata Lamu: unakaza, unaachia mkono, navyo huinama kidogo. Kichwa cha mikono mitatu, ambacho kila mkono hugeuza upande mmoja tu, ni kikubwa na hakivutii, lakini kwa bei ileile hushika vizuri zaidi, na kwa hati, nyumba na bidhaa ndicho ninachokishauri. Wa video watafute kichwa chenye mafuta ndani kinachogeuka kwa ulaini. Hapo bei ikiwa ndogo mno hayo mafuta huwa ni jina tu.

Haya yote yanaweza kupimwa kwa mikono, dukani, kwa dakika tano. Nenda asubuhi, Kariakoo au Luthuli Avenue, kabla duka halijajaa, na umwombe muuzaji kwa adabu. Wengi hufurahi kumwona mteja anayejua anachokitafuta. Fungua miguu yote, nguzo ikiwa chini. Shika sahani ya juu kwa mikono miwili uisokote kama unayefungua chupa: hapo stendi dhaifu hujitangaza yenyewe, miguu inajiviringisha na vibanio vinalia. Kisha iegemee kwa viganja uone kama kipande chochote kinazama ndani ya mwenzake. Funga kamera yako uliyokuja nayo, ielekeze chini nusu, kaza, tazama kwenye kioo kitu cha mbali, achia mkono. Kitu kikipanda au kushuka kwenye kioo, rudisha. Mwisho, kuza taswira ya kioo mara kumi, gonga mguu mmoja kwa kidole, na uhesabu mtetemo unachukua muda gani kufa. Fanya hivyo kwa stendi tatu tofauti, hutahitaji tena kuniuliza mimi.

Tafuta pia zilizotumika. Stendi haizeeki kama kamera inavyozeeka. Iliyotengenezwa vizuri miaka thelathini iliyopita bado inatulia leo. Kagua meno ya skrubu na vibanio, ukatae iliyopinda. Wapima ardhi wana stendi za mbao zenye ukakamavu wa kutisha, na mbao huuzima mtetemo vizuri. Berlebach ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1898, hadi leo hutengenezea wapigapicha stendi za mbao. Ukipata ya mpima ardhi aliyestaafu, skrubu yake kwa kawaida ni ya inchi 5/8, lakini fundi chuma mwenye mashine, kama wale wa Kamukunji, anaweza kukuchongea kiunganishi. Haiendi safarini, ila studioni ni nguzo ya nyumba.

Na kama chenji iliyobaki haitoshi hata hiyo? Basi usinunue stendi mbovu. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, utie mchele au maharagwe robo tatu, uulaze juu ya ukuta, kiti au dirisha la gari, kamera juu yake. Waongoza watalii wa Serengeti na Maasai Mara huwapa wageni wao mifuko kama hiyo, na wageni hao wana lenzi za bei ya nyumba. Mfuko hautazami chini kwenye karatasi, lakini kwa mengi mengine hauna deni.

Stendi ikishakuwa yako, iko kazi ya kuisaidia. Tumia kichelewesho cha sekunde mbili ili kidole kisiwe ndicho kinachotikisa. Vuta vipande vinene kwanza, vyembamba viwe vya mwisho. Ning'iniza mkoba chini ya nguzo, ila uguse ardhi kidogo usije ukawa pembea. Kamera ikitokeza mbele kuzidi miguu, mguu mmoja na uwe chini yake. Juu ya hati ya watu hili halina mjadala. Katika nyumba zetu omba ruhusa ukunje mkeka au zulia, maana miguu huzama ndani yake polepole. Na ukitoka ufukweni, osha miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, huku vipande vikiwa wazi, uviache vikauke kabla ya kuvikunja.

Sura ya kwanza inaanza na jaribio, nawe waweza kulifanya usiku huu. Azima leza ndogo ya kufundishia. Ifunge kwa mpira juu ya stendi yoyote iliyo karibu nawe, ielekeze ukutani mita tano mbele, zima taa. Gonga mguu. Kidoa chekundu kitaruka, kitacheza, kisha kitatulia. Weka alama kwa penseli pale kilipofika mbali zaidi, uhesabu sekunde, uandike. Kisha inua nguzo ya kati yote, urudie.